Kete ya Ngano

Chama chetu kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na msemaji. Msemaji ni mimi, Bushiri. Wanachama wa kawaida hatuna, kwa sababu kila aliyejiunga tulimpa cheo ili asiondoke. Ofisi ni chumba cha uani kule Buguruni, nyuma ya fundi wa majenereta. Fundi akiwasha jenereta, mkutano unaahirishwa.

Mchana nauza rimoti na chaja kwenye meza yangu Kariakoo. Zamani, tena si zamani sana, nilikuwa teja, mtumiaji wa unga, yaani heroini. Nalisema waziwazi kwa sababu hata nikilificha mtaa mzima unalijua, na wapo wenye maduka ambao mpaka leo nikiingia kununua soksi wanahama na simu zao kutoka upande mmoja wa kaunta kwenda mwingine. Kila asubuhi napita kliniki, nakunywa methadoni, dawa inayokata hamu ya unga, mbele ya nesi, kisha nafunua kinywa aone kama nimemeza. "Inua ulimi, baba," ananiambia, na umri wake ni wa binti yangu kama ningekuwa naye. Ungedhani mtu anayeinua ulimi kila siku ya Mungu ameshapungukiwa na majivuno. Mimi yalibaki ya kutosha, kama utakavyoona.

Chama chetu kinadai jambo moja tu. Mtu akikutwa na kete ya kutumia mwenyewe, apelekwe kwenye tiba, asipelekwe jela. Kete ni heroini kidogo iliyofungwa kwenye nailoni, ukubwa wake kama kunde. Wauzaji wakubwa tumewaachia polisi wahangaike nao. Lakini jaribu kulieleza hilo Kariakoo. Wenye maduka wanasema nataka mateja wawajazie vizingiti. Siku moja kwenye kahawa nikawaeleza wazee kwamba Ureno walishafanya hivyo, anayekutwa na kidogo cha kwake hafungwi.

"Wareno hawa hawa?" mzee mmoja akauliza. "Waliokuja pwani na mizinga?"

"Ndiyo hao hao, mzee wangu."

"Basi usiwafuate."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, hoja yangu ikaishia kwenye kikombe.

Mwaka jana tukaalikwa kwenye semina. Wangekuwepo wabunge wachache, watu wa wizara, wanasheria, na mashirika makubwa yale yenye magari yake. Sisi tulipewa nafasi fupi ya kuzungumza kwa niaba ya "waathirika", neno nisilolipenda, ila huwa linakuja na chakula cha mchana. Mwenyekiti wetu anaitwa Clotilda, mama wa Rombo anayeuza vyombo vya plastiki kwa jumla. Wote tunamwita Mama Aaron, kwa jina la mwanawe marehemu.

"Bushiri, utasema wewe," akaniambia. "Mimi nikisimama mbele za watu nalia."

Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Wiki nzima nikazihutubia rimoti zangu. Katikati ya mazoezi hayo likanijia wazo ambalo kwa wakati ule niliona halijawahi kumjia binadamu mwingine. Wale wakubwa, nikawaza, hawajawahi kuona kete. Wakisikia dawa za kulevya wanafikiria maboti na magunia. Basi nitainua kete moja juu, niwaambie: waheshimiwa, mtu anakwenda jela kwa kitu hiki. Ya kweli nisingeweza kubeba. Nikaingia jikoni kwa dada yangu Ummy, ambako naishi, nikachota unga wa ngano kwenye ndoo yake, nikakata kipande cha nailoni, nikafunga, nikachoma ncha kwa mshumaa.

Mikono haikuwa imesahau kitu. Kete ilitoka safi kabisa.

Ummy akaingia na sufuria mkononi, akasimama pale pale mlangoni.

"Bushiri."

"Ni ngano, dada."

"Bushiri."

"Ni ngano yako ya chapati. Angalia ndoo."

Akaangalia ndoo, akaangalia kete, akakaa taratibu kwenye kigoda.

"Na polisi wakikukuta nayo?"

"Nitawaambia ni ngano."

"Mimi dada yako nimeshindwa kukuamini na ndoo iko hapa hapa," akasema. "Wao wakuamini kwa lipi?"

Nikamwambia mambo ya harakati hawezi kuyaelewa.

Siku ya semina nilivaa suti na viatu vya shemeji yangu Zahoro, mume wa Ummy. Zahoro ni mtu mpana. Ukinitazama kwa mbali ungesema suti imetoka peke yake na mimi nimeidandia. Nikapita kliniki, nikanywa dawa, nesi akaniambia nimependeza, na hilo ndilo lililoniharibia siku. Ningeweza kuchukua bajaji moja kwa moja hadi ukumbini. Lakini suti ikiwa ndani ya bajaji nani ataiona? Nikaamua kutembea, nipitie Jangwani kwenye kijiwe cha jamaa zangu wa zamani, kwa kisingizio cha kuwaelimisha.

Nilikuwa nimeshaanza kuwaelimisha difenda la polisi lilipotokea. Wote wakatimka. Mimi sikukimbia. Jambo hili nimelisimulia mara nyingi kama ushujaa, kwamba raia asiye na kosa hana sababu ya kukimbia. Kilichotokea hasa ni kwamba nilijaribu kuondoka, kiatu cha Zahoro kikabaki nyuma, na nikiwa nakirudia askari akanishika kola.

"Mzee, suti umeiba wapi?"

"Sijaiba, afande. Ya shemeji yangu."

Wakacheka wote. Wakanipekua, wakaitoa kete kwenye mfuko wa juu, mahali ambapo waungwana huweka leso.

"Hii nini?"

"Unga," nikasema.

"Amekiri," akamwambia mwenzake.

"Unga wa ngano, afande. Wa chapati."

"Wa chapati umefungwa hivi?"

"Ni mfano tu. Nakwenda semina kuwaonyesha waheshimiwa."

"Unakwenda kuwaonyesha waheshimiwa unga."

"Ndiyo. Hapana. Afande, nipe niulambe uone."

"Anataka kula ushahidi," akasema yule wa pili, na hapo wakanipandisha kwenye gari.

Ndani ya gari tulikuwa wawili tu tuliodakwa. Mwenzangu alikuwa Mudi, mbeba mizigo wa Kariakoo, mwanaume wa makamo anayejulikana kwa kubeba marobota mawili ya vitambaa kwa safari moja. Yeye alikutwa na kete ya kweli, moja. Kituoni wakaziweka mezani pamoja, yake na yangu, na ningekuwa mimi ndiye askari nisingejua ipi ni ipi. Tena yangu ilikuwa imefungwa vizuri zaidi.

Wakatuingiza mahabusu. Mimi nikasimama kwenye nondo za mlango nikaanza kazi. Kila askari aliyepita nilimwita afande na kumweleza kwamba kuna makosa yamefanyika, kwamba mimi ni msemaji wa chama kinachotambulika, kwamba ile ni ngano, waipime, kwamba mimi na hawa wengine ni watu tofauti kabisa, hata nguo zangu zinaonyesha. Nilisema hivyo mpaka sauti ikakauka. Nilipokuja kukaa chini, Mudi aliyekuwa amejikunja pembeni akaniita.

"Kaka."

"Naam."

"Ungekuwa wa kweli?"

"Nini?"

"Huo unga wako. Ungekuwa wa kweli, pale mlangoni ungewaambiaje?"

Nikafungua mdomo. Hotuba yote nilikuwa nayo kichwani, neno kwa neno, ile niliyozihutubia rimoti wiki nzima, kwamba mwenye kete ni mgonjwa na binadamu kama wewe. Halikutoka hata moja.

"Maana tangu tumefika unawaambia wewe siyo kama sisi," Mudi akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yanamchuruzika. Arosto ilikuwa inamwingia, yaani mwili unadai unga wake. "Nauliza tu."

Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vya Zahoro havina kamba.

Kesho yake saa yangu ya dawa ikafika na kupita. Nikamwambia askari wa zamu kwamba natakiwa kliniki kunywa methadoni, nisipokunywa nitaumwa.

"Wewe si ndiye mtu wa ngano?" akaniuliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anajaribu tu kuoanisha maelezo yangu.

Kufika alasiri mifupa ikaanza kuniuma kwa ndani, mahali ambapo huwezi kukuna. Jasho likanitoka huku natetemeka, suti ya Zahoro ikalowa mgongoni. Mudi, ambaye hali yake ilikuwa mbaya kuliko yangu, akajiburuta akaja kukaa karibu, akatufunika wote wawili kwa kipande cha gunia alichokuwa amekalia.

"Kumbe hata ngano ina arosto," akasema.

Nikacheka, nikatapika, nikacheka tena. Yeye naye akacheka huku meno yanagongana. Tukakaa hivyo, wanaume wawili wazima chini ya gunia moja.

Walipotufikisha mahakamani, Ummy na Zahoro walikuwa wamekaa kwenye benchi la mbele pamoja na Mama Aaron. Mudi alitangulia. Akasomewa shitaka, akaulizwa kama ni kweli.

"Ni kweli."

Hakuwa na wakili wala ndugu ukumbini, na alitaka tu yaishe akalale. Akahukumiwa faini au jela, faini hana, akapelekwa upande. Yote yalikwisha kwa muda ambao mimi hunichukua kumtafutia mteja rimoti ya televisheni yake. Nikanyoosha mkono kuomba kusema jambo kuhusu mtu huyu. Karani akaniambia zamu yangu bado, nikae. Nikakaa. Harakati zangu zote mahakamani ndizo hizo.

Ilipofika zamu yangu nikakana, ikasemwa ile kete ipelekwe kwa mkemia, na mimi nikapewa dhamana kwa udhamini wa dada na shemeji. Nje Zahoro alinizunguka mara moja, akashika mkono wa koti, akanusa.

"Pole, shemeji," akasema. "Hii utafua mwenyewe."

Walinipeleka kliniki kwanza, nikanywa dawa, nikainua ulimi bila kuambiwa. Baadaye, nikiwa nimekaa kwenye ngazi na soda mkononi, nikamuuliza Mama Aaron semina ilikwendaje.

"Nilisimama mimi," akasema. "Jamaa zako wa kijiweni walikuwa wamempigia Ummy, naye akanipigia mimi, nikawaambia msemaji wetu yuko mahabusu kwa kukutwa na unga wa chapati. Wakacheka."

"Wote?"

"Wote. Mpaka waliokuwa wanasinzia."

"Halafu?"

"Halafu nikawasimulia habari za Aaron."

Habari za Aaron sisi wa chama tunazijua, ingawa yeye hazisemi mara kwa mara. Mwanawe alifungwa kwa kete moja. Akiwa ndani akakosa unga, akateseka, akapona. Akatoka amenenepa, mashavu yamejaa, mama yake akamchinjia mbuzi na kuita majirani. Siku chache baadaye kijana akarudi kijiweni, akatumia kiasi kile kile alichozoea kabla hajafungwa. Mwili ulikuwa umeshasahau kuhimili kiasi kile. Wakamkuta amekaa ameegemea ukuta, wakadhani amesinzia. Mama Aaron husema jela ilimrudishia mwanawe akiwa mzima, ila hakuna aliyemwambia kijana wala mama kwamba uzima ule ulikuwa wa hatari kuliko ugonjwa. Kama tangu mwanzo angepelekwa kwenye dawa ninayokunywa mimi, huenda leo angekuwa anamsaidia mama yake kupanga ndoo na mabeseni.

"Ulilia?" nikamuuliza.

"Sikulia. Nilikuwa na hasira na wewe, ikanisaidia."

"Wakasemaje?"

"Mmoja akasema, lakini mama, askari hana maabara mkononi, akikuta kete afanyeje? Nikaona hilo nalo lina ukweli wake. Halafu wakatangaza ni wakati wa chai." Akafikiri kidogo. "Mwanasheria mmoja alinifuata kwenye foleni ya sambusa. Amesema atatusaidia kuandika madai yetu vizuri. Mpaka sasa nilikuwa nakutegemea wewe."

Mwisho wa semina waliazimia kwamba suala hilo liangaliwe. Nijuavyo mimi bado linaangaliwa.

Majibu ya mkemia yalichukua muda wake, yakarudi yakisema ni ngano, kesi ikafutwa. Kufikia hapo Kariakoo ilikuwa imeshanihukumu na kunipa jina, Mzee Chapati. Mtu anakuja mezani kuulizia chaja, anaondoka na chaja, na akiwa umbali wa kutosha anauliza kama maharage yapo. Nilicheka nao. Kilichonikalia kooni ni Mudi. Kete mbili ziliwekwa kwenye meza moja. Mwenye ya ngano, anayekunywa dawa kila siku na mwenye dada mwenye ndoo, amekwenda nyumbani. Mwenye ya kweli, ambaye ndiye hasa alihitaji kupelekwa kwa nesi, amekwenda jela. Hotuba yangu yote haikuwa na mfano mzuri kama huo, na niliupata kwa sababu ya kupenda kuonekana nimevaa suti.

Mama Aaron akasema hatuwezi kungoja sheria ibadilike huku tumekaa, twende kwa mkuu wa kile kituo tumwombe jambo dogo. Mgonjwa wa methadoni akiwa mahabusu, aruhusiwe kupata dawa yake. Nikajiandaa kwa mapambano. Nikakariri vifungu vya katiba, nikapanga pa kupandisha sauti na pa kuishusha.

Mkuu wa kituo aliitwa Afande Gaudens, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo, mama," akamwambia Mama Aaron.

"Marahaba, mwanangu. Gaudens wa wapi?"

Ikajulikana kwamba ni wa Rombo, halafu ikajulikana kwamba ni wa kijiji cha pili tu kutoka kwao, na kwamba shangazi yake aliolewa kwenye ukoo wa akina Clotilda. Kuanzia hapo mazungumzo yote yakawa ya Kichaga. Mimi nikakaa na katiba yangu kichwani, natabasamu kila walipotabasamu. Nilisikia jina la Aaron mara moja, na Afande akavua kofia akaiweka mezani. Nilisikia "ngano", wote wawili wakanitazama. Tulipotoka nikamuuliza mwenyekiti wangu kama amekubali.

"Amekubali. Nesi aje na dawa, yeye atatoa askari wa kusimamia. Na akidakwa mtu wetu watatupigia simu."

"Ulimwambiaje?"

"Mambo ya nyumbani," akasema.

Makubaliano hayo yapo mpaka leo, kwa kituo kimoja, kwa huruma ya mkuu mmoja, na akihamishwa itabidi tuanze upya kumtafutia Mama Aaron undugu na anayekuja. Ndiyo maana tunaendelea kuidai sheria. Yule mwanasheria wa foleni ya sambusa ameandika madai yetu, na nikiyasoma nayaelewa zaidi ya nilivyokuwa nayaelewa wakati nayasema.

Mudi alipomaliza kifungo tulimsubiri getini, mimi na Mama Aaron. Akatoka na mfuko wa rambo, amenawiri, shingo imejaa. Mama Aaron alipoiona shingo ile akageuka pembeni kwanza, akajifuta uso na kitenge. Kisha akamshika mkono.

"Hatuendi nyumbani," akamwambia. "Tunaenda kliniki."

"Mama, mimi nimeshapona."

"Ndiyo maana."

Mudi akanitazama mimi, akitegemea mwanaume mwenzake atamtetea. Nikamwambia apande gari. Njia nzima alinuna. Kliniki wakampokea, wakampima, na Mama Aaron akakaa naye akamweleza habari ya mwili unaosahau, taratibu, bila kumtaja mtoto wake. Nilingoja amtaje. Hakumtaja.

Sitaki kudanganya kwamba Mudi amekuwa malaika. Kuna wiki anakuja kliniki kila siku na kuna wiki haonekani, tunaanza kuzunguka vijiweni kumtafuta, mimi mbele kwa sababu navijua. Mara moja tulimkuta amezidiwa, tukamkimbiza hospitali akafika mzima. Alipopata nguvu ya kuongea aliniambia sura yangu siyo ya kuamkia nayo.

Juzi nilikuwa nakatiza mtaa wa maduka ya vitambaa huku nahutubia kwenye simu, nimesimama katikati ya njia kama kawaida yangu. Nyuma yangu mtu akafoka nipishe. Alikuwa Mudi, marobota mawili mgongoni, jasho linamtoka, na kikaratasi cha kliniki amekishika kwa meno kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Nikapisha.